Siku Nilipoipiga Msasa Beji ya Sokoro

Kuna watu kule Nyamira ambao hata leo wakifika kibandani kwangu huuliza bei ya jaketi huku wameshika mikoba yao kifuani, na siwalaumu hata kidogo, kwa sababu waliniona kwa macho yao nimesimama mbele ya hema tatu zilizojaa watu, maikrofoni mkononi, nikiitwa mwizi kwa neno la bibi kizee asiyeona. Na jambo lenyewe nililolifanya lilikuwa baya kuliko wizi, maana mwizi akishikwa anaweza kurudisha. Nusu ya habari hii mmeshaisikia kutoka kwa mume wangu, Onsongo, ambaye huongeza chumvi mpaka mboga haiendi mdomoni, kwa hivyo heri niwape yote mwenyewe, hata pale panaponichoma.

Nyinyi mnanijua kama Moraa wa majaketi, yule wa soko la Daraja Mbili upande wa mitumba, anayeuza majaketi mazito ambayo wachumaji chai huvaa asubuhi wakati majani bado yana umande wa kukulowesha mpaka kwenye mifupa. Lakini kabla ya majaketi mimi ni mtoto wa Tabaka, kule kwa wachonga vinyago, na mtoto wa kike wa Tabaka huzaliwa akakuta beseni la maji na kipande cha msasa vinamngoja. Wanaume wanachonga jiwe la sabuni, lile laini la vinyago, sisi tunasugua. Msasa mkali kwanza, ndani ya maji, halafu ule wa kadiri, halafu laini, unaanika juani, unapaka nta, unasugua tena kwa kitambaa mpaka kiboko wa jiwe anang'aa utadhani ametoka mtoni sasa hivi. Mama yangu alikuwa akipitisha kidole juu ya kazi yangu, na akihisi mkwaruzo mmoja tu, hata mwembamba kama unywele, ananirudishia beseni bila kufungua mdomo. Nimekua nikiamini kwamba mkwaruzo ni uvivu wa mtu fulani, na imani hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Sasa beji. Miaka kadhaa iliyopita nilifungua robota la mitumba nikakuta koti la zamani la kijeshi, zito kama mtu aliyelala, lebo yake ya Ufaransa, na upande wa ndani wa kifua (ndani, si nje, kama kitu kilichofichwa) pamebanwa kibati chenye mwezi mchanga wenye pembe, na ndani ya mwezi farasi anaruka, na chini yake maandishi ya Kiarabu. Nilipiga picha nikaiweka mtandaoni kwenye kikundi cha watu wanaopenda vitu vya majeshi ya kale, nikaendelea kupanga majaketi, na kabla sijamaliza kupanga, mzee mmoja wa huko Ufaransa akanijibu kwamba hiyo ni alama ya Spahi, wapanda farasi wa Aljeria walioandikishwa na Wafaransa enzi za ukoloni, wakapelekwa kupigana kwenye theluji katika nchi ambazo mama zao hawakuwahi kuzisikia.

Nilikaa chini juu ya lile robota. Yaani mtu ametoka jangwani, amechukuliwa kupigania Mzungu dhidi ya Mzungu mwingine, amekufa au amepona hatujui, na alama yake ya kifuani imezunguka dunia ikaja kupumzika Daraja Mbili, kati ya mikungu ya ndizi na mafungu ya sukuma wiki, kwa mwanamke wa Tabaka aliyekuwa amefikia kidato cha pili tu. Mteja aliniuliza bei ya jaketi mara tatu, kisha akaenda kwa jirani.

Toka siku hiyo nikawa mgonjwa wa beji hizo. Wauzaji wenzangu wakifungua mizigo wakakuta kibati chenye mwezi wananiwekea, wengine wa Nairobi wananitumia, wale wa mtandaoni tunabadilishana, mpaka nikafikisha kumi na tisa: za wapanda farasi wa Aljeria, za askari wa miguu wa Tunisia, na mbili za wale wa milima ya Moroko waliovaa majoho ya mistari vitani, zenye jambia lililopinda. Onsongo alinichongea sinia la jiwe lenye vishimo kumi na tisa, kila beji na kitanda chake, kisha akaanza kuniita Jenerali, na soko lote likaitikia. Jenerali, shuka bei. Jenerali, mvua inakuja, funika jeshi lako.

Na zote nilizisugua, mbele na nyuma. Yule mzee wa Ufaransa aliwahi kuniandikia kwamba vitu hivi huwa havisuguliwi, huachwa na weusi wao, nami nilimwona mvivu. Nilimjibu kwa heshima kwamba kwetu kazi ikiwa na kutu haijaisha.

Nyaboke ndiye aliyenipeleka Nyamira. Ni mteja wangu, mchumaji chai, mcheshi, mikono yake imekuwa kahawia kwa utomvu wa majani, na siku moja alikuwa anajaribu jaketi akaona sinia langu akaacha mkono mmoja nje. Akasema, "Jenerali, hii kitu iko kwetu. Kwa nyanya yangu, magokoro. Iko na mwezi na mkono."

"Mkono wa nini?"

"Mkono tu. Wa mtu. Vidole tano."

Nilijua ni nini kabla hajamaliza. Mwezi mchanga wenye kiganja cha mkono katikati ni alama ya vikosi vya askari wa miguu wa Aljeria, na nilikuwa nimeitafuta miaka mitatu. Kesho yake nilifunga kibanda nikaenda.

Magokoro (ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kigusii, na hakuna mtu nyumba ile aliyemwita kwa jina jingine) alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, mdogo, mkavu, leso mbili mabegani, macho yake meupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Mumewe, ambaye wote humwita Sokoro, yaani babu, alifariki zamani. Katika ile vita kubwa ya pili Sokoro alichukuliwa akiwa kijana tu, si kama mpiga risasi bali kibarua wa jeshi la Mwingereza, akapelekwa mpaka jangwani kaskazini ya Afrika kubeba maji na kuchimba. Nilimwamkia Magokoro kwa Kigusii, nikamweleza shida yangu, naye akatoa kopo la majani chai kutoka chini ya leso, kana kwamba alikuwa amekaa nalo hapo akinisubiri, akaweka beji kiganjani mwangu.

Jamani. Ilikuwa nyeusi, nzito, na baridi wakati jua lilikuwa kali. Mwezi ulionekana, na mkono ulionekana, umenyooka, vidole juu, kama mtu anayesema simama hapo. Nilihisi nimeshikwa na mtu. Nyuma yake kulikuwa na uchafu mgumu na mikwaruzo minne, basi. Niliipiga picha mbele na nyuma, si mbele tu kama zile zangu, kwa sababu watu wa mtandaoni wanapenda kuona kabla na baada, kisha nikasema lile neno dogo ambalo natamani ningelimeza na mate yake.

"Magokoro, nikubalie niichukue niisafishe kidogo. Nitairudisha."

Alikuwa ananiangalia kwa sikio, kama wanavyofanya wasioona. Akauliza, "Itarudi yenyewe?"

"Itarudi yenyewe, Magokoro. Na itakuwa nzuri kuliko ilivyo."

Nyaboke akasema nyanya yake atafanyiwa sherehe ya shukrani Jumapili ya wiki ifuatayo, watoto wote wanakuja, na ingekuwa vizuri beji iletwe siku hiyo ikiwa safi, watu waione. Tukakubaliana. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyepewa cheo.

Nyumbani nilitega beseni. Mbele nilikwenda pole kwa sababu ya vidole vya ule mkono, lakini nyuma nilishusha msasa mkali bila huruma, nikaubadilisha, nikatia laini, nikatia laini zaidi. Mikwaruzo ile minne ilinipa kazi, hasa wa tatu ambao ulikuwa umepinda ukaingia ndani, nikausugua huku namsikia mama yangu kichwani, mpaka kidole kikapita bila kukwama popote. Nikapaka nta. Onsongo alichungulia akasema inafaa kunyolea ndevu.

Jumapili ikafika. Hema tatu, kwaya ya kanisa imevaa sare, viti vimekodishwa, na hotuba zote kwa Kiswahili kwa sababu dadake Nyaboke ameolewa upande wa ziwa na wakwe wasiojua Kigusii walikuwa wamekuja wengi, wamevaa vizuri, wamekaa mbele. Magokoro katikati, amepambwa. Mimi nilikaa pembeni na begi langu, na ndani ya begi (nakubali, sikuwa na sababu yoyote zaidi ya majivuno) nilikuwa nimebeba sinia langu lote la jiwe na beji zangu kumi na tisa, endapo mtu angeuliza.

Akasimama Mwalimu, mtoto wa kwanza wa Magokoro, mkuu wa shule mstaafu, mtu wa suti na sauti. Akasimulia maisha ya baba yao vizuri sana, mpaka akafika vitani, akasema, "Na baba yetu alipigana kwa ujasiri mpaka Kingi wa Uingereza mwenyewe akamvisha medali. Na hiyo medali iko hapa leo!" Watu wakapiga makofi. Emsii, mwongoza sherehe, akaniita, "Jenerali wa Daraja Mbili, tuletee medali ya Kingi!" Kwaya ikanipigia kigelegele.

Ningempa Mwalimu beji nikarudi kukaa, mkasa huu usingekuwepo, au ungekuwa mdogo. Lakini mtu aliniwekea maikrofoni mkononi. Nami kwa miaka mitatu nimekuwa nikieleza habari hizi kwa watu wanaotaka tu kujua bei ya jaketi, leo nina watu mia tatu wamekaa kimya! Nikaanza. Nikawaambia hii si ya Kingi, Mwingereza hana mwezi wala mkono, hii ni ya askari wa Aljeria aliyekuwa chini ya Mfaransa, na askari hao walikuwa wengi namna hii na waliteseka namna hii, nikaendelea, nikainua beji juu ikapiga mwanga mpaka nyuma ya hema la tatu, na nilipoishusha ndipo nikaona hakuna anayepiga makofi. Wakwe walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Mwalimu akasema taratibu, bila maikrofoni, na kila mtu akasikia: "Kwa hivyo unasema baba yangu aliiba hii kitu?"

"Hapana, Mwalimu, mimi nasema tu kwamba..."

"Ama aliitoa kwa maiti? Sema. Si umeshika maikrofoni?"

Kijasho kilinitoka mahali ambapo sikujua pana jasho. Hapo Magokoro akanyoosha mkono. Nyaboke akanipokonya beji akamwekea kiganjani. Akaigeuza. Kidole gumba chake kikaenda nyuma moja kwa moja, bila kutafuta, kama unavyoenda kwenye swichi ya taa nyumbani kwako. Kikapita. Kikarudi. Kikapita tena.

"Hii si yenyewe," akasema.

Alisema kwa Kigusii, lakini hata wakwe walielewa, kwa sababu uso wake ulikuwa umeanguka. "Hii si yake. Ameniletea ingine."

Mlishawahi kusikia hema tatu zikivuta pumzi pamoja? Kisha kelele. Ameibadilisha! Anazikusanya huyo, nilimwona nazo sokoni! Mwalimu akanijia, akasema kwa ile sauti ya kuita watoto ofisini, "Mama, fungua begi."

Na ndani ya begi kulikuwa na nini? Kumi na tisa, zinang'aa, zimelala kwenye sinia. Nawaambieni, hata mimi ningejifunga jela. Nilizitoa nikaziweka mezani karibu na keki, na jiwe likagonga sahani, kila mtu akaruka. Nikajaribu kusema ni ileile, niliisafisha tu, lakini nani anamsikiliza mtu aliyeshikwa na kumi na tisa?

"Mleteni na vitu vyake," Magokoro akasema. "Nitaitafuta mwenyewe."

Basi wakanikalisha chini, mbele yake, kwenye nyasi, mama mzima na gauni langu la kitambaa kizuri, sinia mapajani, na kazi yangu ikawa kumpa beji moja moja mbele ya umati. Alipokea ya kwanza, akapitisha kidole mbele, na badala ya kuirudisha akaniuliza, "Huyu farasi ni wa nani?" Nikamwambia, kwa sauti ya chini, ni wa askari wa farasi wa Aljeria, alitumwa mahali pa theluji. Akasema "mm." Akaigeuza nyuma, kidole kikapita, akanirudishia. Ya pili. "Na huyu?" Huyu wa Tunisia, Magokoro, wa miguu. "Alirudi kwao?" Sijui, Magokoro. "Mm." Ya tatu, ya nne. Alipofika kwenye jambia la Moroko aliuliza ni kisu cha nini, nikamwambia ni cha mwanamume wa milimani, hutembea nacho kwao hata kama hakuna vita, akatikisa kichwa na kusema, "Kwa hivyo alienda na kitu cha nyumbani."

Zile kelele zilikuwa zimekufa. Sijui zilikufa saa ngapi. Watu walikuwa wamesogeza viti, kwaya imesimama nyuma yangu, wakwe wameinama mbele, na kila beji ikitoka mkononi mwangu kwenda kwake ilikuwa kama mtu anaitwa jina anasimama. Miaka mitatu nimezihesabu, nimezing'arisha, nimezipiga picha, na sikuwahi kuuliza hata mara moja kama kuna aliyerudi kwao. Yule mama ambaye hakusoma, ambaye haoni, aliuliza kumi na tisa zote. Nilimtazama usoni nikaogopa, ule woga wa mtu aliyeingia kanisani akiwa anacheka.

Alipomaliza ya mwisho akasema, "Haiko hapa." Kisha akasema kitu kingine, polepole: "Hizi zote ziko laini nyuma."

Hapo ndipo nikaelewa. Nikasema, "Magokoro, ile ya kwanza ndiyo yenyewe. Ilikuwa na mikwaruzo minne. Mimi niliisugua na msasa. Niliitoa."

"Uliitoa."

"Nilidhani ni uchafu."

Nikatoa simu, nikamwonyesha Mwalimu picha niliyopiga kabla, nyuma ya beji, mistari minne imesimama kwa safu, na beji ile iliyong'aa kando yake, na kila aliyeangalia aliona ni moja, pembe ya mwezi imeliwa mahali palepale. Sikuwa mwizi tena, nilikuwa mjinga, na kwa muda mfupi (nacheka nikikumbuka) nilishukuru.

Ndipo Magokoro akasimulia, na nitawapa kwa Kiswahili changu kwa sababu chake kilikuwa Kigusii kizito. Sokoro alikuwa anapeleka maji kwenye mstari wa mbele akiwa na wenzake, mabomu yakaanguka, wenzake wakafa, yeye akatumbukia kwenye shimo ambamo kulikuwa na askari mmoja wa Aljeria aliyeumia tumbo. Hawakuwa na lugha hata moja ya kuongea. Walikuwa na debe moja la maji. Asubuhi ya kwanza walipoamka wote wawili wazima, yule askari alivua beji yake, akachukua msumari, akachora mstari nyuma, akamwonyesha Sokoro, wakacheka. Asubuhi ya pili mstari wa pili. Asubuhi ya tatu mkono wake ulikuwa umeishiwa nguvu na mstari ukapinda. Ya nne akachora akiwa amelala. Asubuhi ya tano msumari ulikuwa mkononi mwake na hakuamka. Sokoro aliichukua beji ili awapelekee watu wa yule askari, na hakuwahi kujua watu wake ni akina nani, maana hata jina lake alilisikia tu, na lilikuwa gumu kwa mdomo wake.

"Kila asubuhi," Magokoro akasema, "akiamka alikuwa anahesabu ile mistari na kidole kabla ya kushuka kitandani. Alipokufa nikaendelea mimi. Macho yakaenda, nikaendelea. Mimi sikusoma. Hiyo ndiyo ilikuwa kusoma kwangu."

Mwalimu akauliza, na ile sauti ya suti ilikuwa imeisha, "Mbona alituambia ni Kingi?"

"Kwa sababu mlikuwa mnamuuliza ameua watu wangapi."

Mwalimu alikaa kwenye kiti cha mkwe mmoja na mkwe akampisha.

Kuna mtu akasema, kwa nia njema, tulete msumari, huyu fundi achore tena palepale, si picha iko? Nami nikaruka, ndiyo, naweza, nipeni dakika tano. Magokoro alifunga kiganja chake juu ya beji.

"Sokoro mwenyewe hakuthubutu kuchora wa tano," akasema. "Sasa wewe utachora yote? Ulikuwa huko?"

Sikuwa huko. Nilikaa kwenye zile nyasi nikalia mbele ya keki na wakwe na kwaya, kilio cha makamasi, na Nyaboke akanipa jaketi lake nijifutie, jaketi nililomuuzia mwenyewe. Chakula kililiwa. Mimi nilikunywa soda nusu. Wakati wa kuondoka hakuna aliyenisindikiza isipokuwa Nyaboke, naye alinifikisha barabarani tu.

Siku nne sikufungua kibanda. Nilizigeuza zile kumi na tisa moja moja kwenye sinia nikaangalia migongo yao, laini kama kioo, na sikuweza kukumbuka hata moja ilikuwa na nini kabla sijaifikia. Huenda hakukuwa na kitu. Huenda mmoja alikuwa amechora jina la mkewe. Hilo ndilo linalonipata nikiwa katikati ya kuuza, mtu ananiuliza saizi nami niko Moroko.

Siku ya tano nilimwambia Onsongo anikatie kipande cha jiwe la sabuni, ukubwa wa beji, umbo la mwezi. Nikaweka simu mbele yangu, nikachukua msumari, nikachora mistari minne kama ilivyo kwenye picha, kisha nikaenda Nyamira kwa magoti ya moyo. Nilimkuta barazani. Nikamwambia, "Magokoro, siwezi kurudisha nilichotoa. Hii si beji, ni jiwe tu. Ni picha, lakini ya kidole."

Akapokea, akapitisha kidole gumba, akanirudishia. "Umechimba sana. Yeye hakuwa na nguvu hivyo."

Nikarudi wiki ya pili na lingine. "Wa tatu haujapinda ukatosha." Mara ya tatu nilichora nikiwa nimelala chali sakafuni, mkono wa kushoto, nikizuia pumzi, mpaka Onsongo akatoka nje akaniacha, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

Jiwe hilo la tatu Magokoro alilipokea akaanza kuhesabu kwa midomo tu, *eyemo, ibere, isato, inye*, moja, mbili, tatu, nne. Kwenye wa tatu kidole chake kilipinda na mstari. Alipomaliza wa nne hakuondoa kidole. Alikisogeza mbele kidogo, mahali ambapo wa tano ungekaa na hapakuwa na kitu, akakiacha hapo muda mrefu kiasi kwamba nilidhani amelala.

"Na hapa pia," akasema, "umepata sawasawa."

Jiwe lile halijapigwa msasa wala kupakwa nta. Lina vumbi lake na alama za panga la Onsongo pembeni, mama yangu angelirudisha kwenye beseni mara moja, na ndilo la kwanza maishani mwangu kutoka mkononi mwangu likiwa vile. Nyaboke ananiambia Magokoro huamka nalo kila asubuhi, beji mkono mmoja, jiwe mkono mwingine. Mimi sijaongeza beji tangu siku hiyo isipokuwa moja, ya Tunisia, niliyoikuta mwezi jana kwenye koti, nyuma yake imeganda kitu cheusi ambacho sijui ni nini. Onsongo amenichongea kishimo cha ishirini kwenye sinia, nimeilaza humo kifudifudi, na nimewaapia nyote mnaonisikiliza kwamba nikionekana nayo karibu na beseni la maji, mnifunge mikono.